UZI: Mikunjo ya mwamba ina kipimo chake. Hesabu ya mikunjo, tukianzia kwenye makorongo ya Mpwapwa

Nyundo ya Korongo

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na una hesabu ndani yake, ila hesabu yenyewe haizidi ya kidato cha sita na nitakwenda nayo taratibu.

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Mpwapwa unaiacha graniti na kuingia kwenye naisi, mwamba geu wenye mistari ya kijivu, nyeupe na nyeusi. Shuka kwenye korongo lililokauka, pale ambapo maji ya masika yameusugua mwamba hadi ukawa laini. Utaona mishipa myeupe ya kwatzi (quartz) imejikunja ndani ya naisi, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Wengi tunapiga picha na kuondoka. Leo naomba tuangalie kitu kimoja tu: umbali kutoka kunjo moja hadi jingine.

Nilipima mshipa wenye unene wa sentimita 2. Nililaza uzi wa fundi juu yake nikaufuata mpindo wote, kutoka kilele hadi kilele, kisha nikaunyoosha kwenye rula: sentimita 16. Wimbi la pili 15, la tatu 17. Hatua chache pembeni kuna mshipa mwembamba wa nusu sentimita. Mawimbi yake yanacheza kwenye sentimita 4. Sasa gawanya. 16 kwa 2 ni 8. Na 4 kwa nusu ni 8.

Mshipa mnene una mawimbi marefu, mwembamba una mafupi, uwiano ni ule ule. Kuna sheria inayofanya hivyo. Kati ya 1957 na 1961 Maurice Biot, Mbelgiji aliyefanya kazi Marekani, aliiandika kwa hesabu. Hans Ramberg wa Norwe alifika hapo hapo kwa njia yake, miaka ile ile. Sheria yenyewe ni hii:

L = 2π × u × ∛(M ÷ 6m)

L ni urefu wa wimbi, u ni unene wa tabaka gumu, M ni mnato wa tabaka hilo na m ni mnato wa mwamba laini unaolizunguka. Mnato hapa ni ule ukaidi wa kitu kutiririka kinaposukumwa.

Angalieni kisichokuwemo. Nguvu iliyosukuma haimo. Kasi ya kusukuma haimo. Muda haumo. Vimebaki unene na uwiano wa minato miwili. Kwa hiyo ukipima L na u kwenye korongo unaweza kurudi nyuma na kuuliza: siku mwamba huu unakunjwa, kwatzi ilikuwa kaidi mara ngapi kuliko naisi? Ukigeuza kanuni unapata

M ÷ m = 6 × (L ÷ 2πu)³

Kwa uwiano wetu wa 8, jibu ni kama 12. Uzi wa fundi na rula vimetupa habari ya mwamba ulipokuwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Mimi jambo hili linanigusa sana, ndiyo maana nimeleta uzi. Tunafundishwa majina ya mikunjo, uliolala, uliosimama, uliopinduka, tunayakariri kwa mtihani, na hatuulizi kwa nini mkunjo una upana ule.

Mzee wa Kibaigwa

Kijana, asante kwa somo. Naomba kuuliza. Hii mikunjo ya Mpwapwa ndiyo iliyoletwa na Bonde la Ufa? Maana huku kwetu kila kitu cha ardhi tunaambiwa ni Bonde la Ufa.

Nyundo ya Korongo

Shikamoo mzee wangu. Hapana, na tofauti ni kubwa. Bonde la Ufa ni ardhi inayovutwa pande mbili. Ikivutwa inapasuka na kudidimia, ndipo unapata ukuta kama ule wa Kilimatinde na tambarare ya Bahi chini yake. Mkunjo unataka kinyume chake, ardhi isukumwe pande mbili ifupike.

Umri nao hauko karibu. Graniti za Dodoma ni sehemu ya kiini kikongwe cha bara, chenye zaidi ya miaka milioni 2,500. Kusini mashariki yake kuna miamba ya Usagara, iliyopikwa na kukunjwa kama miaka milioni 2,000 iliyopita. Baadaye sana, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana kuunda Gondwana, lile bara kubwa la kale, ukanda wote wa mashariki ukasukumwa na kupikwa tena. Mpwapwa ipo kwenye eneo lililopitia misukosuko hiyo. Bonde la Ufa, mzee, ni la juzi tu.

Mzee wa Kibaigwa

Marahaba. Nimeelewa, kuvuta na kusukuma. Endelea.

Mwl Chamwino

Mkuu, nafundisha jiografia na swali hili wanafunzi huniuliza kila mwaka. Jiwe ukiligonga na nyundo linapasuka. Inakuwaje chini huko linapinda bila kupasuka? Nikiwajibu "joto na mgandamizo" naona kabisa kwenye nyuso zao kwamba hawajaridhika.

Nyundo ya Korongo

Mwalimu, wana haki ya kutoridhika, kwa sababu jibu hilo limeruka kitu cha tatu, yaani muda. Wape namba.

Kwenye bara la kawaida joto huongezeka kama nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kila kilomita unayoshuka. Kwatzi huanza kutiririka ikiwa bado yabisi kwenye nyuzi 300 hivi, kwa hiyo kilomita 10 na zaidi chini tayari uko kwenye eneo hilo. Haiyeyuki. Chembe zake zinateleza ndani kwa ndani, mstari mmoja wa atomu baada ya mwingine. Uzito wa mwamba wa juu nao unabana nyufa zisifunguke.

Sasa kasi. Milima inapojengwa, mwamba hufupika kwa kiwango kama cha sehemu 1 kwa sehemu 100,000,000,000,000 kila sekunde, yaani 1 chini ya 10 kipeo cha 14. Waambie wapige hesabu wenyewe: kufupika asilimia 10 kwa kasi hiyo kunachukua sekunde 10 kipeo cha 13, sawa na miaka laki tatu na kidogo. Nyundo yako inafanya kazi yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Jiwe halipati nafasi ya kutiririka.

Na kama shule haina vifaa, kuna jaribio la bure. Sir James Hall wa Uskoti alilifanya zaidi ya miaka 200 iliyopita, baada ya kuona mikunjo kwenye majabali ya pwani ya kwao. Alitandika vitambaa kadhaa mezani, akalaza mlango juu yake na kuuwekea uzito, halafu akavisukuma kwa mbao kutoka pande mbili. Vitambaa vikakunjamana vikauinua mlango. Wanafunzi wafanye kwa khanga na ubao. Uzito wa juu ukiwa mkubwa mikunjo inabanwa, ukipungua inapanuka. Hesabu ya Hall siyo ya Biot, kwa sababu kitambaa hakitiririki, ila wataona kwa macho kwamba kusukuma kwa ubavuni kunazaa kupanda kwa juu.

Binti Kalkulasi

Habari za humu. Nasoma hisabati hapa hapa Dodoma. Kanuni nimeiona, nataka kujua inatoka wapi. Ile 6 na kile kipeuo cha tatu havikushuka toka mbinguni.

Nyundo ya Korongo

Karibu sana dada. Hapa ndipo penye utamu.

Chukua tabaka gumu lenye kasoro ndogo, mawimbi madogo yasiyoonekana kwa jicho, ya kila urefu. Hakuna tabaka la kweli lililonyooka kabisa. Anza kusukuma kwa kasi e. Kwa kila wimbi weka w = 2π ÷ L, na A iwe kimo chake. Kuna vitu vitatu vinavyogombana.

Cha kwanza ni msukumo wenyewe, unaotaka kukuza kimo. Ukubwa wake ni 4M × e × u × w² × A.

Cha pili ni tabaka kukataa kupindwa, M × u³ × w⁴ ÷ 3, mara kasi ya kukua kwa kimo. Ile w kipeo cha 4 ina maana mawimbi mafupi yanalipa gharama kubwa mno, maana kupinda kwa karibu karibu kunamaliza nguvu.

Cha tatu ni mwamba laini wa juu na wa chini, ambao lazima usogezwe ili tabaka lipite: 4m × w, mara kasi ile ile. Kwa kila kipande cha tabaka, mawimbi marefu yanapata msukumo mdogo sana kulinganisha na gharama hii, kwa sababu wao wanalazimika kuusogeza mwamba laini mbali.

Gawa cha kwanza kwa jumla ya cha pili na cha tatu, unapata kasi ya kukua. Iandike kwa w, tafuta kilele chake kwa kutenganua (differentiation) na kuweka sifuri. Inabaki

u³ × w³ = 6m ÷ M

Rudisha w = 2π ÷ L, umepata kanuni ya Biot, 6 na kipeuo cha tatu vyote vimo. Kwa hiyo L ya kanuni siyo wimbi pekee linalowezekana. Ni lile linalokua kwa kasi kuliko mengine yote.

Na kukua kwenyewe ni kwa aina ya riba juu ya riba, kama mkopo wa kausha damu: kimo kikubwa kinazaa nyongeza kubwa zaidi. Kasi ya mshindi ni 1.21 × (M ÷ m) kipeo cha 2/3, mara kasi ya kufupika. Uwiano wa mnato ukiwa 100, kasi hiyo ni 26. Mwamba ukifupika asilimia 10 tu, kimo cha mshindi kinaongezeka kama mara 13. Uwiano ukiwa 5, kwa kufupika kule kule, hakifiki hata mara moja na nusu.

Duara Refu

Wakuu mimi ni mchimbaji mdogo, hesabu mmenipita. Niambieni hii inanisaidia nini shimoni. Tunafuata mshipa wa dhahabu, ghafla unapotea. Wengine wanasema umeisha, tunahama.

Nyundo ya Korongo

Mkuu, swali lako ni la maana kuliko unavyodhani, maana watu wanaacha mali chini kwa sababu hiyo. Mara nyingi mshipa unakuwa haujaisha, umekunja. Ukifika kwenye kona ya mkunjo, ukaendelea kuchimba mbele moja kwa moja, unatoka nje ya mshipa na kuingia kwenye mwamba mtupu.

Kabla ya kuhama angalia ukutani vikunjo vidogo vya sentimita chache. Hivyo vinafuata umbo la mkunjo mkubwa usiouona. Ubavuni mwa mkunjo mkubwa vinakuwa vimelalia upande mmoja, vingine vina umbo la S na vingine la Z, na kwa kawaida ukihama kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili S inageuka Z. Kwenye kona yenyewe vinasimama sawa kama M. Kwa hiyo ukitembea shimoni ukaona S, halafu M, halafu Z, umeivuka kona. Siku zote tazama kutoka upande mmoja, kwa sababu ukitazama kutoka nyuma S inasomeka Z.

Halafu pima mistari ya kona za vikunjo hivyo inazama kuelekea wapi na kwa mwinuko gani. Kona kubwa kwa kawaida inazama hivyo hivyo. Na kona ndipo pa kuangalia kwa makini: huko Bendigo, Australia, dhahabu nyingi ilichimbwa kwenye kwatzi iliyojaa kileleni mwa mikunjo, tabaka zilipoachana na kuacha nafasi.

Siwezi kukuahidi kwamba mshipa wako ni wa namna hiyo. Mingine imekatwa na ufa, na hapo dalili ni tofauti: utaona mwamba uliosagika na ukuta uliokwaruzwa. Makao makuu ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, yapo hapa Dodoma na wana ramani za jiolojia. Waone, ramani ya eneo lako itakuonyesha mikunjo mikubwa inaelekea wapi.

Duara Refu

Hiyo ya S na Z nimeielewa. Shimo letu kuna hivyo vikunjo vingi tu, tulikuwa tunavipiga nyundo tunapita. Kesho naingia na tochi nzuri.

Nyundo ya Korongo

Weka alama ya chokaa kila unapoona umbo, kabla hujavunja. Na usiingie kuangalia ukuta ambao haujawekewa magogo. Vikunjo havikimbii.

Binti Kalkulasi

Mkuu, nimepiga hesabu zako na kuna jambo linanisumbua. Umesema uwiano wa 8 unatoa M ÷ m ya 12. Kwa 12, kasi ya mshindi ni kama 6.5. Ukuaji huo ni mdogo. Tabaka litakuwa linafupika na kunenepa lenyewe kwa muda mrefu kabla mikunjo haijaonekana. Sasa hiyo sentimita 2 uliyopima leo siyo unene wa mwanzo, na hiyo 16 siyo urefu wa mwanzo. Na kwa kuwa umepandisha kipeo cha tatu, kosa dogo linakuwa kubwa. Je, hiyo 12 tunaweza kuiamini?

Nyundo ya Korongo

Dada, umegusa penyewe. Hiyo 12 ichukue kama kiwango cha chini. Ndilo jambo lililoonyeshwa na Sherwin na Chapple mwaka 1968, walipopima mishipa ya kwatzi iliyokunjwa na kukuta uwiano wa L kwa u ni mdogo, ule ambao kanuni tupu ingesema mikunjo isingepata nguvu ya kukua.

Tuone ukubwa wa tatizo. Tuseme kabla ya kukunja tabaka lilifupika asilimia 20 bila kupinda. Urefu ulizidishwa kwa 0.8, unene kwa 1.25. Basi wimbi la 16 lilikuwa 20, na unene wa 2 ulikuwa 1.6. Uwiano wa mwanzo ni 12.5, na M ÷ m inaruka kutoka 12 hadi 47. Hii ni makadirio ya haraka. Wao walifuatilia mshindi anavyobadilika hatua kwa hatua wakati tabaka linanenepa, kwa sababu wimbi linaloongoza mwanzoni siyo lazima liongoze mwishoni.

Kuna jambo la pili, na binafsi naliona zito kuliko la kwanza. Biot alichukulia mnato ni namba moja isiyobadilika. Mwamba wenye joto haufanyi hivyo. Ukiongeza nguvu mara mbili, kasi ya kutiririka haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara mbili kipeo cha n, na n kwa kwatzi na madini mengi ni kati ya 3 na 5. Raymond Fletcher aliiingiza n hiyo kwenye hesabu mwaka 1974. Matokeo yake, kwa uwiano ule ule wa mnato, mikunjo inakua haraka zaidi na mawimbi yanakuwa mafupi. Kwa hiyo 8 yetu ya Mpwapwa haihitaji kulazimishwa. Tabaka kaidi lenye n kubwa linaifikia bila shida.

Usichoweza kufanya ni kutoa namba moja ya M ÷ m kutoka kwenye L na u peke yake na kuapa nayo. Unahitaji kipimo cha tatu. Mimi napima pia umbali wa mstari mnyoofu kati ya vilele. Kwenye ule mshipa, sentimita 16 za uzi zimebanwa kwenye sentimita 8. Mkunjo peke yake umekula nusu ya urefu. Kufupika kwa jumla ni nusu au zaidi, kwa sababu kunenepa kwa tabaka hakuonekani kwenye uzi.

Mwl Chamwino

Hapo kwenye uzi na rula nimepata mazoezi ya darasa. Pima mpindo, pima mnyoofu, toa asilimia. Hata kidato cha pili wanaweza. Swali la mwisho: mawimbi yako yalikuwa 15, 16, 17. Kama kuna mshindi mmoja, kwa nini hayalingani?

Binti Kalkulasi

Mwalimu, naomba nijibu mimi, nimetoka kuichora jana usiku. Ukichukua kasi ya kila wimbi ukaigawa kwa kasi ya mshindi, minato yote inajifuta. Inabaki 3x ÷ (x³ + 2), ambapo x ni urefu wa mshindi gawa kwa urefu wa wimbi lako. Weka x = 0.8, yaani wimbi refu kuliko mshindi kwa robo: unapata 0.955. Weka x = 1.25, wimbi fupi kwa moja ya tano: 0.949. Kilele cha mchoro ni bapa. Wimbi la sentimita 13 na la sentimita 20 yote yanakua kwa asilimia 95 ya kasi ya lile la 16. Kasoro ya mwanzo ikiwa kubwa kidogo upande wao, yanashinda mahali hapo.

Ukienda mbali ndipo adhabu inakuja: mara mbili ya mshindi, kasi ni 0.71, nusu yake, 0.6.

Nyundo ya Korongo

Hesabu safi kabisa dada. Na inatuambia namna ya kupima. Usichague mkunjo mzuri wa kwenye picha. Fuata mshipa mmoja mwanzo hadi mwisho wa mwamba ulio wazi, pima kila wimbi pamoja na unene wake pale ubavuni, siyo kwenye kona ambako tabaka huweza kuvimba, andika yote, halafu chukua wastani. Mwamba ambao uwiano wake wa mnato ni mdogo utakuwa na mawimbi yaliyotawanyika zaidi, kwa sababu riba haikupata nafasi ya kumtenga mshindi na wenzake, kwa hiyo huko pima mengi zaidi.

Mwalimu, ukiwaleta wanafunzi wako waje baada ya mvua za kwanza kupita, mchanga ukiwa umesombwa. Mishipa huwa wazi zaidi wakati huo. Waje na uzi usiovutika, wa nailoni unawadanganya.